Daftari Nililolidanganya: Takwimu za Ujifunzaji na Hatima ya Mwanafunzi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitumia kufungulia insha zetu na kupewa alama kwayo. Lakini kuyaona mawingu ni jambo moja na kuanua nguo ni jambo jingine. Tena yupo mtu anayeyaona mawingu, kisha akawahakikishia wenzake kwamba mbingu ni safi. Mimi niliwahi kuwa mtu huyo, na insha hii ni ungamo langu mbele ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wenzangu.

Mwaka 2022 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimojawapo katika eneo hili letu la Embu na Meru. Kizazi kimoja kilichopita, kijana wa huku aliyebahatika kupata nafasi ya chuo kikuu alilazimika kufunga safari hadi Nairobi, Njoro au mbali zaidi. Leo milango i karibu. Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, chenye makao yake Meru, kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2006. Chuka pamoja na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vikafuata mwaka 2013, na Embu mwaka 2016. Sitakitaja chuo changu, kwa kuwa kosa nitakalolisimulia ni langu, na lingeweza kutendeka katika chuo chochote.

Nilikuwa kiongozi wa darasa. Miongoni mwa kazi zangu ilikuwa kulipitisha daftari la mahudhurio kila mhadhara. Kila mwanafunzi alitia sahihi mbele ya jina na nambari yake ya usajili, kisha mimi nikalipeleka daftari katika ofisi ya idara. Kanuni ilitaka mwanafunzi ahudhurie angalau robo tatu ya mihadhara ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Kwa hiyo daftari lile lilikuwa na uzito wake, nasi wanafunzi tulilicheza kama mtu achezavyo na mwiko wa mwenye nyumba asiyekuwepo: aliyechelewa alitiliwa sahihi na jirani yake, na aliyelala alitiliwa na mwenzake wa chumbani. Tuliita huko kusaidiana.

Nilikuwa na rafiki mmoja katika darasa hilo, mwenyeji wa Igembe, kijana mwenye kipaji cha ushairi ambaye angeweza kukutungia tarbia ya ubeti mmoja huku mkingoja chakula kwenye foleni. Ameniruhusu nisimulie habari zake kwa sharti kwamba nisimtaje jina, na ameisoma insha hii kabla hujaisoma wewe, mpenzi msomaji. Katika juma la nne la muhula ule alinijia chumbani akaniambia, "Ndugu yangu, nakwenda nyumbani kwa juma moja tu. Nitilie sahihi." Nikamwitikia bila hata kumuuliza sababu. Niliona kwamba kumuuliza kungekuwa kumdadisi, na mimi nilitaka kuwa rafiki, nisiwe askari.

Juma moja likawa mawili, mawili yakawa mwezi. Simu yake ilikuwa ikizimwa kutwa nzima. Mimi niliendelea kutia sahihi, nikiigeuza geuza kalamu ili mwandiko usifanane na wangu. Baadaye nilipoketi nikahesabu, nilikuta nimemtilia sahihi 27. Kwa mujibu wa daftari, rafiki yangu alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliohudhuria vyema zaidi. Mtihani ulipofika hakuonekana. Ndipo idara iliposhtuka: mbona mtu aliyekuwa darasani juzi hayupo leo?

Sababu zake hazikuwa siri kwa yeyote ambaye angejishughulisha kuzitafuta. Kwao waliishi kwa miraa. Uingereza ilikuwa imeipiga marufuku miraa tangu mwaka 2014, na Machi 2020, Somalia iliposimamisha safari za ndege kwa ajili ya korona, soko la huko nalo likafungwa. Halikufunguliwa tena hadi Julai 2022. Katika miaka hiyo miwili na zaidi, familia nyingi za Igembe zilichuma miraa na kuiuza kwa bei isiyotosheleza hata vibarua. Karo ya rafiki yangu ilibaki nyuma kwa mihula miwili. Baba yake alipougua, yeye akawa ndiye mchumaji, akipanda miti alfajiri na kuifunga miraa katika majani ya migomba kabla ya magari kuondoka.

Jambo linaloniumiza hadi leo ni kwamba habari hizi zote zilikuwa zimeandikwa mahali fulani chuoni. Ofisi ya fedha ilikuwa na daftari lililoonyesha kwamba karo haijalipwa. Wahadhiri watano walikuwa na orodha za alama, na katika kila orodha palikuwa na nafasi tupu mbele ya jina lake kwa kuwa hakuwasilisha tamrini. Mfumo wa kufundishia mtandaoni ulihifadhi tarehe aliyoufungua kwa mara ya mwisho. Maktaba ilijua kwamba alirudisha vitabu vyote kwa siku moja, akaondoka asiazime kingine. Kila ofisi ilikuwa na kipande chake cha habari, na hakuna aliyevikusanya vipande hivyo vikawa kisa kimoja. Chombo kimoja tu kilisema kwamba mambo ni shwari, nacho ni daftari nililolidanganya mimi.

Nilipojiunga na masomo ya uzamili na kupewa vipindi vichache vya kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ndipo nilipokutana na taaluma inayoshughulika na jambo hili hasa. Kwa Kiswahili naiita uchanganuzi wa takwimu za ujifunzaji, nami sina kinyongo na mwanaisimu atakayeleta istilahi bora. Maana yake ni kukusanya alama ambazo mwanafunzi huziacha anapojifunza, yaani mahudhurio, tamrini, majaribio, na siku anazoingia katika mfumo wa mtandaoni, kisha kuzilinganisha na mwenendo wa wanafunzi waliotangulia, ili aonekane mapema yule anayeelekea kukwama. Kongamano la kwanza la kimataifa la wanataaluma hawa lilifanyika Banff, Kanada, mwaka 2011. Msingi wake ulikuwa umekwisha kuwekwa na mifumo ya kufundishia kama vile Moodle, ambayo Martin Dougiamas wa Australia aliitoa mwaka 2002 na ambayo vyuo vyetu vingi vinaitumia.

Mfano unaotajwa sana ni wa Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana nchini Marekani. Kuanzia mwaka 2007 chuo hicho kilitumia mfumo ulioitwa Course Signals. Mfumo ulizipima alama za mwanafunzi, bidii yake mtandaoni na historia ya masomo yake, kisha ukampa rangi kama za taa za barabarani: kijani kwa aliye salama, manjano kwa anayepaswa kujihadhari, nyekundu kwa aliye hatarini. Mhadhiri aliweza kumwandikia mwanafunzi mapema, kabla mtihani haujamwandikia yeye. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa palikuwa na mtambo wa kuuonyesha ufa.

Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilitamani kurudi nyuma. Nilijiambia kwamba kama tungekuwa na taa hizo, rafiki yangu angewaka nyekundu katika juma la sita na mtu angempigia simu. Kisha nikakumbuka sahihi zangu 27. Mtambo wowote ule ungelisoma daftari langu kabla ya kutoa rangi yake, na daftari lingeushuhudia kwamba kijana yupo. Labda angepata manjano, labda kijani. Kompyuta haina namna ya kujua kwamba mwandiko umegeuzwa.

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna jambo la kuichangia taaluma hii. Tumefundishwa kwamba matini haijisemei yenyewe. Huhitaji msomaji anayejua muktadha wake. Takwimu nayo ni matini. Nitatoa mfano wa pili kutoka katika darasa letu lile lile. Bando za intaneti zilikuwa ghali kwetu, kwa hiyo mhadhiri alipoweka maelezo mtandaoni, mmoja wetu aliyapakua kisha akatusambazia kwa WhatsApp. Mfumo ulihesabu msomaji mmoja, ilhali tulisoma darasa zima. Basi, karatasi ilisema yupo yule asiyekuwepo, na kompyuta ilisema hatupo sisi tuliokuwepo. Mtu aliyekaa Nairobi au ng'ambo akazichanganua takwimu zetu kwa ustadi wote angefikia matokeo yaliyo kinyume na hali yenyewe, wala hesabu zake zisingekuwa na kosa lolote.

Hata kule Purdue msomaji makini alihitajika. Chuo kilikuwa kimetangaza kwamba wanafunzi waliosoma kozi mbili au zaidi zenye taa zile walidumu chuoni kuliko wenzao. Mwaka 2013 wakosoaji waliuliza swali jepesi lakini zito: je, walidumu kwa sababu walisoma kozi nyingi zenye taa, au walisoma kozi nyingi zenye taa kwa sababu walikuwa wamedumu? Aliyeacha masomo katika muhula wa kwanza hakupata hata fursa ya kuifikia kozi ya pili. Swali hilo halikuufanya wazo zima kuwa bure, bali lilitukumbusha kwamba namba mbili zinazotembea pamoja si lazima moja iwe imemzaa mwenzake.

Lipo pia suala la nia. Katika Kiswahili tuna kitenzi kuchambua. Tunachambua shairi, yaani tunalifafanua ili lieleweke. Na mama huchambua maharagwe kabla ya kuyabandika, yaani huyatoa mabovu na kuyatupa. Takwimu za wanafunzi zinaweza kuchambuliwa kwa maana zote mbili. Mwaka 2016 gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mount St. Mary's, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, lilifichua kwamba rais wa chuo hicho alikuwa amepanga kutumia hojaji waliyojaza wanafunzi wapya ili kuwabaini walioelekea kushindwa. Nia haikuwa kuwasaidia. Ilikuwa kuwashawishi waondoke katika majuma ya mwanzo, kabla hawajahesabiwa, ili chuo kionekane kuwa na wanafunzi wengi wanaodumu. Rais huyo alijiuzulu mwezi Februari mwaka huo huo. Mtambo ni mmoja. Huku unamwita mwanafunzi, huko unamfukuza.

Ndiyo maana napendezwa na hoja za Sharon Slade wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza na Paul Prinsloo wa Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, walioandika pamoja mwaka 2013. Kwa maoni yao, kazi hii ni ya kimaadili kabla ya kuwa ya kiufundi. Mwanafunzi awe mshirika ndani yake, asiwe kitu cha kupimwa tu; na sura yake inayoonekana katika takwimu ni ya kupita, maana mtu hubadilika. Wakati huo huo wanashikilia kwamba chuo hakiwezi kujitetea kwa kufumba macho, ilhali kinazo habari ambazo zingeweza kumsaidia mwanafunzi. Hapa kwetu Kenya tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Inampa mtu haki ya kuarifiwa jinsi habari zake zitakavyotumika na haki ya kuziona. Kifungu chake cha 35 kinamkinga, isipokuwa katika hali zilizotajwa humo, asifanyiwe uamuzi mzito unaotegemea hesabu za kompyuta peke yake. Kwa lugha nyepesi, taa nyekundu isigeuke kuwa hukumu. Iwe sababu ya mtu kumwendea mtu.

Mimi nilimwendea rafiki yangu nikiwa nimechelewa. Ilikuwa Agosti 2022. Nilipanda matatu Embu, tukapita Runyenjes, tukavuka mto Thuci, tukapita Chuka na Nkubu hadi mjini Meru, kisha nikapanda nyingine ya kwenda Maua. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno ya kuomba radhi. Nilimkuta shambani, mikono imepasuka. Mama yake alinikaribisha kwa chai, akanishukuru kwa kuwa rafiki wa mwanawe. Na shukrani hiyo ilinichoma kuliko lawama.

Tulipobaki wawili nilimweleza kuhusu sahihi. Alikuwa anajua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sikulaumu, ni mimi niliyekuomba. Lakini nilipokuwa huku nilikuwa nikingoja. Kila jioni niliwasha simu nikidhani labda idara imepiga, labda mhadhiri ameuliza. Hakuna aliyeuliza. Sasa naelewa. Sikukosekana. Na asiyekosekana hatafutwi."

Sijapata kusikia uhakiki wa mahudhurio ulio mkali kuliko huo. Nilidhani ninamlinda dhidi ya kanuni, kumbe nilikuwa nimemwondoa machoni pa watu waliokuwa na uwezo wa kumsaidia. Chuo chetu kilikuwa na utaratibu wa kuahirisha masomo: mwanafunzi mwenye shida aliandika barua kabla ya muda fulani wa muhula, nafasi yake ikahifadhiwa, wala hakuhesabiwa kuwa amefeli wala kutoroka. Yeye hakuujua utaratibu huo, na walioujua hawakujua kwamba anauhitaji. Muda ukapita huku sahihi zangu zikimshuhudia kwamba yupo darasani. Mficha maradhi kilio kitamfichua. Ila safari hii mficha maradhi hakuwa mgonjwa.

Alirejea chuoni mwaka 2024, baada ya barua nyingi, akaketi na wanafunzi waliokuwa wadogo zake. Sisi wenzake tulikuwa tumekwisha kuhitimu. Bado anatunga tarbia.

Tangu hapo nimejiwekea desturi katika vipindi vyangu. Sina mtambo wa rangi tatu. Nina karatasi yenye safu tatu: mahudhurio, tamrini na mara ya mwisho mwanafunzi alipoingia mtandaoni. Mwanzoni mwa muhula ninawaeleza wanafunzi kwamba ninayo karatasi hiyo, ninaandika nini ndani yake, na kwamba kila mmoja anaweza kuuona mstari wake. Ikifika juma la nne ninaisoma. Asiyeonekana katika safu mbili ninampigia simu, na swali langu la kwanza ni "Hujambo?" wala si "Mbona hukuja?" Muhula uliopita niliwapigia watano. Wawili walikuwa wakisoma vizuri kwa kutumia simu za wenzao. Karatasi yangu iliwasingizia. Mmoja alikuwa amefiwa na mama yake huko Mbeere. Mmoja alikuwa akichuma majani chai ili alipe kodi ya chumba, nikamwelekeza kwa mshauri wa wanafunzi. Wa tano hakushika simu, nami bado ninamtafuta.

Hilo si jambo kubwa, na vyuo vyetu vikija kupata mitambo ya kisasa vitalifanya kwa upana ambao mimi siwezi. Ombi langu ni kwamba siku hiyo ikifika, kila mtambo uwe na mtu aliyepewa muda na simu ya kuuliza, na kila mwanafunzi ajue kinachoandikwa juu yake. Nanyi viongozi wa darasa mnaolipitisha daftari asubuhi hii, mwenzenu akiwaomba mmtilie sahihi, msiitie. Iacheni nafasi yake tupu, kisha jioni mkamtafute.